Aisifuye Mvua Imemnyea Kiasi Gani?

"Mwanangu, hizo raba ulizovaa zinafaa? Nimnunulie mdogo wako?"

Aliyeuliza ni mama mmoja muuza maandazi, mtaani kwetu Mwenge, jijini Dar es Salaam. Hakunizaa, lakini kwa desturi yetu mimi ni mwanawe na kijana wake ni mdogo wangu. Nilikuwa natoka kukimbia alfajiri, jasho linanichuruzika, shikamoo nimeshatoa na marahaba nimeshapokea, andazi la moto liko mkononi. Nikajibu hata bila kumaliza kutafuna: "Zinafaa, mama. Safi kabisa. Nimezijaribu mwenyewe."

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu jibu hilo. Sikusema uongo. Raba nilikuwa nimezivaa, nimezikimbilia, na asubuhi ile mguu haukuniuma popote. Hata hivyo, kila nikilikumbuka jibu lile naona haya. Ndiyo maana nauliza: je, mtu anaweza kusema jambo la kweli, tena alilolishuhudia kwa miguu yake mwenyewe, na bado akawa amemdhulumu aliyemsikiliza?

Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Methali hii tunaipenda sana tunapotaka kumnyamazisha mbishi: mwache huyo aseme, yeye yamemkuta. Lakini methali haisemi mvua imemnyea kiasi gani. Yupo aliyepatwa na manyunyu ya dakika 5 akakimbilia barazani, na yupo aliyekesha na sufuria chini ya paa linalovuja. Wote wawili watakwambia mvua wanaijua. Ni nani kati yao aaminiwe na mtu anayetaka kujenga nyumba?

Raba zenyewe nilizipata Kariakoo. Jamaa yangu mmoja anauza viatu pale, vipya vya bei ya chini, si mitumba. Bei yake ilikuwa shilingi 35,000. Mimi akaniachia kwa 20,000 kwa sharti dogo la kirafiki: "Wewe si unakimbia na kundi? Zijaribu, bwana. Ukiona poa, waambie wenzako." Nikaona bahati imenidondokea. Nani asiyetaka kuitwa mjuzi, halafu apunguziwe na bei? Mkono mtupu haulambwi, wanasema. Basi mimi nilikuwa nimekwisha kulamba shilingi 15,000 kabla sijapiga hatua hata moja barabarani.

Jaribio langu lilikuwa hivi. Kundi letu hutoka Mwenge saa 11 alfajiri, tunafuata Barabara ya Sam Nujoma hadi Ubungo, kisha tunageuza. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 8, lami mwanzo mwisho. Siku ya kwanza raba zilinuka gundi mpya. Zilikuwa nyepesi, laini kama mkate wa kumimina. Kila nikikanyaga nilihisi nasukumwa mbele kidogo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikawa tayari nimeshawatangazia wenzangu: raba kali, bei ya kutupa. Na siku ya nne ndipo mama aliponiuliza.

Hebu tupige hesabu. Mtu anayekimbia mwendo wa kawaida hupiga hatua zinazokaribia 1,000 katika kilomita 1. Kwa kilomita 8 ni hatua 8,000, yaani kila mguu unatua mara 4,000. Na mguu wa mkimbiaji hautui kama wa anayetembea sokoni. Kila ukitua, barabara inaurudishia nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Mimi nina kilo 70. Kila kituo basi ni kama gunia la kilo 140 hadi 210 linaloangushiwa kiatu. Kazi ya kulipokea gunia hilo ni ya ile sponji ya kati, iliyolala baina ya kitambaa cha juu na mpira wa chini. Aghalabu sponji hiyo ni povu la plastiki liitwalo EVA, limejaa vijipovu vidogo vya hewa. Kila mguu ukitua vijipovu vinabanwa, ukinyanyuka vinafumuka. Siku zikipita vinachoka na kubaki vimebanwa, sawasawa na godoro la sponji linavyobonyea pale panapolaliwa kila usiku. Wakimbiaji wengi huhesabu kwamba raba iliyotengenezwa vizuri inatumika kilomita 500 hadi 800 kabla sponji haijachoka kabisa.

Sasa mimi, niliyesema "nimezijaribu mwenyewe", nilikuwa nimekimbia siku 3, kilomita 24. Nilichokuwa nimekijaribu ni upya wake tu. Raba mpya ni kama bwana harusi: wiki ya kwanza huwezi kumjua. Ulaini nilioufurahia hauwezi kuwa ushahidi wa uimara; godoro laini kuliko yote dukani laweza kuwa ndilo la kwanza kubonyea. Na gundi iliyokuwa inanuka, ambayo ndiyo iliyoshika kila kitu, nilikuwa bado sijaikutanisha na maji.

Maji yakaja. Ilikuwa Aprili, masika yameanza. Wiki ya tatu, tukiwa tunarudi kutoka Ubungo, mvua ikatukamata njiani. Nilipofika nyumbani soli ya mguu wa kulia ilikuwa imefumuka mbele, pale vidole vinapojikunja, inafungua mdomo kama samaki. Nilipoibonyeza sponji ubavuni nikakuta imelala. Zilikuwa zimekimbia kilomita 120 hivi. Nilicheka, nikazitupa uvunguni, kesho yake nikavaa raba zangu nyingine. Naomba uliweke akilini neno hilo, msomaji: raba zangu nyingine.

Mdogo wangu hakuwa na nyingine. Mama yake alikuwa ameshanunua, tena kwa 35,000 kamili, kwa sababu yeye hakuwa na rafiki wa kumpunguzia. Andazi lake moja anauza shilingi 200. Ili zipatikane 35,000 ni lazima yauzwe maandazi 175, na hapo hujatoa unga, mafuta, sukari wala mkaa. Kijana alikuwa anajiandaa na mita 1,500 za mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA. Yeye hakimbilii lami. Anakimbilia uwanja wa shule, changarawe na mashimo, mchana wa jua kali. Raba zake hazikumaliza hata wiki 2. Zilipofumuka akazifunga kwa kamba, kisigino kikamchubua, akakaa siku 10 bila mazoezi. Mchujo wa wilaya ulipofika alikimbia na raba zilizoshonwa na fundi. Akawa wa nne. Waliotakiwa ni watatu.

Sitasema kwamba raba nzuri zingempa nafasi ya tatu. Pengine angekuwa wa nne hata kwa viatu vya dhahabu; wale watatu walikuwa na mbio. Lakini ndipo ubaya wa jambo lenyewe ulipo. Laiti ningejua kwamba mimi ndiye niliyemkosesha, ningeomba radhi nikatua mzigo. Laiti ningejua kwamba simo, ningelala usingizi. Nimebaki katikati. Nilichofanikiwa kumwondolea kwa hakika ni kujua: naye hatajua kamwe angefika wapi kama maandalizi yake yasingekatika.

Na mama? Hakunilaumu hata kwa jicho. "Ndivyo viatu vya siku hizi, mwanangu," alisema, huku akinichagulia andazi lililoiva vizuri. Heri angenitukana.

Niliipeleka habari hii kijiweni, kwa sababu jambo likimkera mtu peke yake hugeuka ugonjwa. Nikapata majibu ya aina 3, na nayataja yote kwa kuwa kila moja lina kipande cha ukweli ndani yake.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mwenzetu anayependa historia. Akasema tunakuza mambo, kiatu si kitu. Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia maratoni ya Olimpiki mjini Roma, tarehe 10 Septemba 1960, peku kabisa, akashinda kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia kabla yake. "Sasa huyo mtoto anataka raba za nini?"

Hadithi ni ya kweli na ni nzuri, lakini anayeisimulia aghalabu huishia nusu. Miaka 4 baadaye, Tokyo 1964, Bikila huyo huyo alishinda tena, safari hii amevaa viatu, kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 11. Hakuvidharau viatu. Zaidi ya hayo, nyayo za Bikila zilikuwa zimezoezwa kukimbia peku kabla ya kufika Roma. Alijua anachokifanya kwa sababu alikuwa amekifanya mara nyingi. Alijijaribu yeye, akajiamini yeye, na kama angeumia angeumia yeye. Hakumwambia mama wa mtu mwingine atoe pesa. Ujasiri juu ya mguu wako ni sifa. Ujasiri juu ya mguu wa mwenzio ni kitu kingine kabisa.

Jibu la pili: rahisi ni ghali. "Ungemwambia anunue orijino, yakaisha." Jibu hili linapendwa na watu wenye mshahara. Wanasema rahisi huvunja upishi, nao wanasema kweli. Raba mbili za 35,000 zilizokufa ndani ya mwezi si rahisi tena. Lakini orijino madukani ni laki 3. Ni maandazi 1,500. Kumwambia mama yule "nunua orijino" si ushauri. Ni namna ya adabu ya kumwambia mwanao asikimbie.

Tena, si kweli hata kidogo kwamba bei ndiyo ubora. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walichukua raba za kukimbilia za bei 3 tofauti kutoka kwa watengenezaji 3, za chini zikiwa za pauni 40 hadi 45 na za juu pauni 70 hadi 75, wakapima msukumo unaofika kwenye nyayo na kuwauliza watu zipi zinawastarehesha. Za bei ya chini zilifanya kazi sawa na za bei ya juu. Kumbe pesa ya ziada haikununua ulaini wa ziada. Ila tuwe waangalifu: "bei ya chini" ya kule ni ya viatu vilivyotengenezwa na viwanda vilevile vyenye majina ya kulinda. Haituruhusu kusifu kila kinachoning'inia Kariakoo. Inatuambia tu kwamba urahisi peke yake si kosa. Kosa linaanzia kwingine.

Mtu mmoja hapo kijiweni akasema dawa ni mitumba, zile ambazo zamani tuliziita raba mtoni. Nami nilizo nazo, zile "raba zangu nyingine", ndizo hizo. Mtumba una faida moja kubwa: kiatu kimeshajaribiwa na mtu wa mbali, na kilichokuwa cha kufumuka upesi aghalabu kimefumukia huko huko. Shida ni kwamba majibu ya jaribio hayakuja na robota. Hujui kimekimbia kilomita 50 au 700. Gundi unaweza kuiona kwa macho, lakini uchovu wa sponji umejificha.

Jibu la tatu lilikuwa kali: mnunuzi afumbue macho. Biashara ni biashara, kila mtu aangalie chake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukikubali kutembezewa kibaya, shauri yako. Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote, mpaka siku moja nikagundua lilivyokosea. Mama yule alifumbua macho! Hakuwa na mzani wala maabara, wala hakuwa na uwezo wa kununua jozi 3 azilinganishe. Alifanya kile ambacho mtu mwenye akili asiye na pesa anaweza kukifanya: alimtafuta mtu aliyevaa kiatu kile akamwuliza. Macho yake aliyoyafumbua yalikuwa mimi. Basi kama macho yalikuwa na ukungu, tusimlaumu mwenye kutazama.

Hapa ndipo nilipofika, na sitaki kuficha. Sisi wenye uwezo kidogo tunajaribu vitu. Tukikosea tunavitupa uvunguni, tunacheka, tunavaa vingine. Mlalahoi hajaribu. Mlalahoi hununua tu, na akishanunua jaribio limekwisha, matokeo ni yake yawe mema au mabaya. Kwa hiyo neno langu juu ya raba ya laki 3 halina uzito mkubwa. Anayeinunua atakuwa na pa kuangukia. Lakini neno langu juu ya raba ya 35,000 linaangukia kwa mtu asiye na jozi ya pili. Tumezoea kufanya kinyume: kitu ghali tunakichunguza, tunauliza, tunabishana, kitu rahisi tunakisifu haraka, "kwa bei hiyo, chukua tu". Ingefaa tugeuze. Kitu kikiwa rahisi, ndivyo anayekisifu anavyopaswa kuwa mwangalifu.

Nilirudi Kariakoo kwa jamaa yangu nikamweleza. Hakukana. Aliguna akasema: "Sasa kaka, kwa bei hiyo ulitaka nini?"

Nimelitafakari sana swali lake, maana linasemwa kila mahali, kwa viatu, kwa balbu, kwa mabati, kwa dawa. Ni kama bei ndogo ni msamaha uliokwisha kuombwa mapema. Nami nakubali nusu. Bei ikipungua, sponji inaweza kupungua, uzi unaweza kupungua, siku za kuishi zinaweza kupungua. Hiyo ni haki. Mtu amelipa kidogo apate kidogo. Lakini ukweli haupungui na bei. Muuzaji angesema, "Hizi ni za kutembelea, ukizikimbilia hazifiki mwezi," angekuwa ameuza kitu rahisi kwa haki kabisa. Na mimi vilevile.

Tazama upande wa pili wa dunia ya viatu. Mwaka 2023 kampuni ya Adidas ilitoa raba ya mashindano iitwayo Adizero Adios Pro Evo 1. Ina gramu 138 tu, na iliuzwa dola 500. Tarehe 24 Septemba 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia aliivaa Berlin akakimbia maratoni kwa saa 2 dakika 11 na sekunde 53, rekodi ya dunia ya wanawake kwa wakati ule. Sasa sikiliza kioja: watengenezaji wenyewe walisema wazi kwamba raba hiyo imetengenezwa kwa maratoni moja, pamoja na mazoezi machache ya kuizoea. Yaani raba ya dola 500 inakiri usoni kwamba haidumu! Watu walicheka, wengine wakakasirika kwamba ni ufujaji, na wana hoja. Lakini hakuna anayeweza kusema alidanganywa. Tajiri ameambiwa kiatu chake kitakufa lini. Maskini ndiye hakuambiwa, ilhali yeye ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya kujua.

Mtu pekee aliyenifundisha namna ya kusema ni fundi viatu anayekaa chini ya mwarobaini, si mbali na stendi ya Mwenge. Ndiye aliyeshona raba za mdogo wangu. Nilimpelekea na zangu, nikamwuliza kwa nini hakuna anayemfuata yeye kabla ya kununua. Akacheka. "Kaka, nyie mnaangalia raba ikiwa dukani. Mimi naletewa ikiwa imeshakufa." Siri ya mtungi aijuaye kata. Akanionyesha: ukishika raba mpya, ikunje mbele pale pa vidole, utazame kama gundi inafungua hata uwazi wa ukucha. Pitisha kidole pale soli inapokutana na kitambaa, uone kama mpira umepanda ubavuni au umebandikwa chini tu. Kama umeipenda hivyo hivyo, ilete ishonwe kuzunguka soli kabla hujaivaa, si baada. "Lakini," akaongeza, "uzi wangu unashika soli. Sponji ikilala, mimi siiamshi."

Nilipenda alivyoweka mpaka. Alisema anachokijua, akasema uzi wake unaishia wapi. Hakusema raba nzuri wala mbaya. Jibu lake lilikuwa na umbo ambalo langu halikuwa nalo.

Nafikiri ushuhuda wa haki una mambo 3. Kwanza, useme kiasi: nimekimbia kilomita ngapi, siku ngapi, kiangazi au masika. Pili, useme ni mwili gani na njia gani: kilo 70, lami, alfajiri, si changarawe, si mchana, si mguu wa kijana anayekimbia kwa kasi. Tatu, na hili ndilo linalouma, useme umepewa nini. Nilipaswa kumwambia mama kwamba raba nilipunguziwa, na aliyenipunguzia alitaka nizisifu. Labda bado angenunua. Lakini angenunua akiwa na macho mawili.

Kuna atakayesema hayo ni makuu mno kwa swali la barabarani. Mtu ameuliza raba zinafaa, umpe hotuba? Nami naona uzito wa hoja hiyo. Tukipima kila neno namna hiyo hatutaongea. Ila naona tofauti moja. Maneno mengi tunayosemezana ni ya kupasha joto urafiki, hayamgharimu mtu. Lakini mtu akikuuliza huku mkono wake uko kwenye fundo la khanga penye pesa, hilo si gumzo tena. Hapo umeitwa kutoa ushahidi, hata kama mahakama yenyewe ni karai la maandazi.

Sina mwisho mkubwa wa kukupa. Zile shilingi 15,000 nilizopunguziwa nilimpelekea mama, nikamweleza habari yote, pamoja na ile ya jamaa yangu. Alizipokea. Alisema, "Sikukudai, mwanangu," lakini alizipokea, nami nilishukuru kwamba hakunikatalia. Mwezi uliofuata akaniita tena. Kijana anataka kuendelea na mbio, na yupo mtu analeta raba nyingine mpya, za 30,000. Alikuwa ameniona mguuni nina jozi ya aina hiyo.

"Na hizi je?"

Safari hii nilimeza andazi kwanza. Nikamwambia: "Mama, hizi nimenunua kwa bei yangu kamili, hakuna aliyenituma. Nimezikimbilia kilomita 90, lami tupu. Kabla ya kuzivaa nilizishonesha kwa fundi. Mvua zimepigwa mara 2, hazijafumuka. Sponji bado imesimama, ila upande wa nje wa kisigino naona inaanza kuchoka. Kwenye changarawe sijazipeleka. Kwangu mimi zimefaa mpaka hapa. Kwa mdogo wangu, sijui."

Aligeuza maandazi kwenye mafuta, moja baada ya jingine, bila kunitazama.

"Leo umejibu kirefu," akasema. Kisha: "Basi zipeleke kwenye changarawe wiki hii. Nitakuuliza tena Jumamosi."

Nazipeleka.